Klachi ya Pikipiki ya Ushirika: Maneno ya Katibu Mkutanoni



Nimepewa nafasi niseme juu ya pikipiki yetu, ile Honda CG125 ya zamani. Wote mnajua klachi inateleza. Tumenunua pleti mara mbili ndani ya mwaka mmoja na bado inateleza. Sasa liko pendekezo tununue mara ya tatu, na liko jingine kwamba dereva akatwe posho kwa kuharibu mali ya ushirika. Mimi nasema yote mawili yangoje. Chombo kipimwe kwanza, ndipo mtu ahukumiwe.

Kupima si kazi ngumu. Njia ikiwa tambarare, tia gia ya juu, nenda polepole, halafu vuta resi. Injini ikinguruma na mwendo hauongezeki, hiyo ni klachi. Injini ikikataa hata kunguruma, basi ni nguvu yake imepungua. Na ukisikia ka! ka! ka! huo ni mnyororo unaruka meno. Yetu inanguruma tu, hasa mlimani ikiwa na mzigo. Kwa hiyo ni klachi, hapo hatubishani.

Lakini klachi si pleti peke yake. Uko waya. Ncha ya ule mkono wa kushoto lazima icheze bure milimita 10 hadi 20, yaani kama upana wa kidole, kabla waya haujakaza. Isipocheza, ni kama mtu amebana klachi nusu kutwa nzima, na pleti mpya zitaungua vile vile. Upimwe usukani ukiwa umekatwa kushoto, halafu kulia. Waya wa zamani hushika kutu ndani ya ganda lake, ukivutwa haurudi wote. Kuurekebisha hakuna gharama, ila kutafuta spana.

Halafu oili. Hapa ndugu zangu nisikilizeni vizuri. Pleti za Honda hii zinaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingine za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lisile petroli nyingi. Gari halidhuriki, maana klachi yake ni kavu, iko mbali na oili. Kwetu sisi pleti zinakosa kushikana. Kopo la oili ya pikipiki huandikwa JASO MA au MA2. Likiandikwa MB, liacheni dukani. Sisi tuliosoma elimu ya watu wazima herufi hizo tunazijua, basi tuzisome. Makopo matupu yaliyoko ghalani nimeyasoma yote: yana picha ya gari, na MA haimo.

La mwisho ni springi. Ndizo zinazobana pleti. Zikipata moto miaka mingi hulegea na kufupika. Nimezitazama risiti zote mbili: pleti, pleti. Springi hata moja haikununuliwa, wala zile pleti za chuma tupu zinazokaa katikati. Chuma kikiungua hugeuka rangi ya buluu na kupinda. Kilazwe juu ya kioo. Kikicheza, hakifai tena.

Dereva naye asipumzishe vidole juu ya mkono wa klachi, na mlimani ashushe gia mapema. Hilo nimekwisha kumwambia. Lakini springi hakulegeza yeye.

Naomba mkutano ukubali hivi. Jumamosi saa 3 asubuhi fundi aje ghalani, afungue mbele ya wanachama wawili. Aanze na waya. Oili imwagwe, itiwe ya MA. Springi zinunuliwe mpya zote kwa pamoja, si moja moja, na pleti za chuma zipimwe kwenye kioo. Pleti za msuguano zikiwa bado nene zirudishwe. Zikiwa zimeungua, hapo ndipo tutoe fedha, na mpya zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa. Vitu vya zamani vyote vibaki ghalani, mkutano ujao tuvione.