Wagombea Tusiowasikia



Mmetutaka tueleze kwa nini baadhi ya wanasiasa, hata wenye rekodi safi, hugombea urais wa Kenya na wasisikike. Jibu la haraka, ambalo tumelisikia hata katika ukumbi huu, ni kwamba wananchi hawawataki. Sisi hatulikubali jibu hilo mpaka tujue kwanza kama wananchi waliwahi kuwasikia.

Uchaguzi wa Desemba 29, 1992 ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi tangu kifungu cha 2A kufutwa mwaka 1991. Wagombea wa urais walikuwa wanane. Wengi wenu mnawakumbuka wanne: Moi, Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga. Ni wangapi wanaokumbuka kwamba marehemu George Anyona alikuwamo? Mtu huyu aliwekwa kizuizini mwaka 1977, akawekwa tena mwaka 1982 alipofikiria kuunda chama cha pili pamoja na Jaramogi, na mwaka 1991 akahukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kosa la uchochezi. Bw. Matiba naye aliwekwa kizuizini mwaka 1990 kwa kudai vyama vingi, na akaugua humo. Wote wawili walilipa kwa ajili ya dai moja. Lakini Bw. Matiba aliporudi kutoka London mwaka 1992, Nairobi ilifurika watu, Bw. Anyona hakupata hata asilimia moja ya kura za urais. Waliomjua kwa karibu, wapiga kura wa Kitutu Masaba, walimpeleka Bungeni katika uchaguzi huo huo.

Basi mateso peke yake hayampi mtu masikio ya watu. Bw. Matiba alikuwa na mali, jina la uwaziri wa zamani, na jamii kubwa nyuma yake. Sisi Wakenya, mgombea akitajwa, hatuulizi amesema nini. Twauliza: watu wake ni wangapi? Jibu likiwa dogo, mazungumzo yamekwisha, na mwandishi wa habari, ambaye ni Mkenya kama sisi, huhamia kwenye mkutano mwingine.

Sheria nazo zilisaidia kuziba midomo. Mpaka mapatano ya wabunge ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni kutoka kwa mkuu wa wilaya, na redio iliyofika vijijini ilikuwa ya serikali. Chama kikubwa kiliponyimwa leseni, kelele zake zilikuwa habari. Chama kidogo kiliponyimwa, hakuna aliyejua kwamba kiliomba.

Mwaka 1997 wagombea walikuwa kumi na watano, miongoni mwao Profesa Wangari Maathai. Siku chache kabla ya kura, vyombo vya habari vilieneza habari ya uongo kwamba amejiondoa. Tulikuwa vijana wa shule wakati huo, na twakumbuka watu wazima wakiipokea habari hiyo bila mshangao. Miaka saba baadaye dunia ilimpa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Jambo linalotukera zaidi kama mawakili ni hoja ya "kupoteza kura." Mwaka 1992 hoja hii ilikuwa na uzito wake, kwa maana mshindi hakuhitaji nusu ya kura, na Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 huku upinzani ukigawana zilizobaki. Lakini Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Akikosekana mtu wa namna hiyo, kuna duru ya pili. Maana yake ni kwamba katika duru ya kwanza mwananchi ana ruhusa ya kumpigia anayemwamini. Sheria imebadilika, hofu yetu haijabadilika.

Na tazameni kilichotokea mara moja tu mlango ulipofunguliwa. Kabla ya mdahalo wa Februari 11, 2013, wagombea wawili, Bw. Paul Muite na Mwalimu Mohamed Abduba Dida, walikuwa wameachwa nje. Bw. Muite alikwenda mahakamani, na hatimaye wote wanane wakasimama jukwaa moja. Mwalimu Dida hakuwa na helikopta wala kabila la kuhesabiwa. Tulimcheka, tukubali hivyo. Lakini alipata kura zaidi ya 52,000, akampita Bi. Martha Karua, aliyekuwa Waziri wa Haki, aliyepata kama 44,000. Bw. Muite mwenyewe, aliyepigania mlango huo, alipata kama 12,000. Kusikika si sawa na kushinda, na hatudai kwamba ni sawa.

Sasa tuje kwetu, maana kanisa nalo ni jukwaa. Mwaka 2021 Kanisa la Anglikana na maaskofu wa Kikatoliki walikataza wanasiasa kuhutubia wakati wa ibada. Tulishangilia. Lakini kiti cha mbele kilibaki, na kila mtu hapa anajua nani hukikalia: aliyeleta bahasha nene siku ya harambee. Mgombea anayekuja kwa matatu hukaa nyuma karibu na mlango, na salamu zake husomwa iwapo muda unaruhusu.

Tunaomba mambo mawili. Tume ikishawaidhinisha wagombea, kila parokia ibandike majina yote kwenye ubao wa matangazo, bila kumwacha hata mmoja. Na ukumbi huu, nje ya saa za ibada, ufunguliwe kwa kila mgombea kwa dakika zile zile, akija na msafara wa magari au akija kwa miguu. Katibu wa parokia anao ufunguo. Tumeshazungumza naye, na anasubiri uamuzi wa baraza la wazee.