Kilomita 35: Hesabu ya Mama Zetu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu, mkunga mstaafu, mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama)



Kamati imenitaka niseme juu ya afya ya mama na mtoto kabla hatujaamua fedha za mwaka huu ziende wapi. Nimeona ni vyema nisianze na maoni yangu. Nianze na watu waliofanya kazi ya kuhesabu, maana mikoa yetu ya Lindi na Mtwara imehesabiwa kwa uangalifu mkubwa, na wengi wetu hatujui hesabu hiyo inasema nini.

Kuna elimu inayoitwa epidemiolojia. Daktari humtazama mgonjwa mmoja aliyelala kitandani. Mtaalamu wa epidemiolojia huitazama wilaya nzima, akauliza: nani anaugua, wapi, lini, na kwa nini huyu na siyo yule? Mmoja wa wataalamu hao ni Profesa Joanna Schellenberg wa chuo cha tiba za kitropiki cha London, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ameifanya hapa Tanzania pamoja na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara. Miongoni mwa wenzake hao ni Dk. Hassan Mshinda, aliyeiongoza taasisi hiyo, Dk. Fatuma Manzi, mtaalamu wa uchumi wa afya, na Dk. Mwifadhi Mrisho, aliyekaa vijijini akiwasikiliza akina mama.

Kazi yao ya miaka ya 1990 ilikuwa Kilombero na Ulanga, kwenye vyandarua vilivyotiwa dawa. Wazee mtakumbuka jina la Zuia Mbu. Vyandarua viliuzwa kwa bei nafuu madukani, watafiti wakafuatilia nyumba kwa nyumba mtoto yupi yuko hai na yupi hayupo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, uhai uliongezeka kwa asilimia 27. Vyandarua tunavyogawiwa leo kliniki vina mizizi katika hesabu za namna hiyo.

Baadaye wakaja kwetu kusini. Kuanzia mwaka 2004 walifanya kazi katika wilaya tano: Lindi Vijijini, Ruangwa, Nachingwea, Newala na Tandahimba. Kilwa na Liwale hazikuwamo, lakini maisha ya huko na ya kwetu ni mamoja: korosho na mihogo ile ile, barabara za mchanga zile zile, na masika yale yale. Mwaka 2007 vijana wa kuhoji walipita nyumba kwa nyumba na kompyuta ndogo za mkononi, wakaandika watu zaidi ya laki 8 katika kaya zaidi ya 225,000. Palipokuwa na mwanamke aliyefariki akiwa mjamzito au baada ya kujifungua, waliketi na ndugu zake, wakauliza taratibu: alianza kuumwa lini, damu ilitoka kiasi gani, mlimpeleka wapi, mlifika saa ngapi?

Sasa sikilizeni hesabu yenyewe. Kati ya mwaka 2004 na 2007, katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, walikufa wanawake 712 wakiwa wajawazito, wakijifungua au muda mfupi baada ya kujifungua. Maana yake, katika kila watoto 140 hivi waliozaliwa, mama mmoja alizikwa. Wachambuzi, akiwamo Dk. Claudia Hanson, wakapima umbali kutoka kila nyumba hadi hospitali. Kwa vifo vilivyotokana moja kwa moja na uzazi, kama kutokwa na damu na kifafa cha mimba, waliokaa ndani ya kilomita 5 walikufa 111 kwa kila watoto 100,000. Waliokaa zaidi ya kilomita 35 walikufa 422. Ni karibu mara nne. Damu ni ile ile na mimba ni ile ile. Tofauti ni njia.

Nawaomba mchukue ramani ya wilaya yetu kichwani. Hospitali ya Kinyonga iko Kivinje. Mtu wa Nangurukuru yu jirani. Je, mtu wa Njinjo na kule juu kuelekea Liwale? Mtu wa Pande? Mama wa Songosongo anategemea boti na upepo. Na mwezi Mei 2024, baada ya mvua na kimbunga Hidaya, barabara kuu yenyewe ilikatika Somanga. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Wakunga wenzangu mlio hapa mnajua kwamba saa mbili ni muda wa kutafuta gari tu, bado safari.

Kuna sehemu ya pili ya hesabu, nayo ni chungu kidogo. Kuanzia mwaka 2010 Ifakara waliendesha mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, katika wilaya zile tano pamoja na Mtwara Vijijini. Wanawake wa kujitolea walichaguliwa vijijini, wakafundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi majumbani: usafi wakati wa kujifungua, kumfunika mtoto apate joto, kumnyonyesha mapema bila kumpa kitu kingine. Mwaka 2013 wakapima. Baadhi ya mazoea mazuri yaliongezeka kweli. Lakini vifo vya watoto wachanga katika kata zilizokuwa na mpango havikutofautiana na vya kata zisizokuwa nao.

Nawaheshimu watafiti hawa kwa jambo hilo kuliko yote. Mpango ulikuwa wao, waliupenda, na bado walitangaza kwamba haukupunguza vifo. Katika miaka ya kuelekea upimaji huo, wanawake waliojifungulia kwenye vituo vya afya katika wilaya hizo walipanda kutoka takriban asilimia 40 hadi karibu 80. Basi kama akina mama wanashauriwa nyumbani na wengi wanafika kituoni, na watoto bado wanakufa, swali linahamia ndani ya kituo: mhudumu yupo usiku? Dawa ya kuzuia damu ipo? Anayehitaji upasuaji anaondoka hapo kwa chombo gani?

Dk. Mrisho aliwauliza akina mama wa kwetu kusini kwa nini wanazalia nyumbani. Hawakujibu kwamba hawajui faida ya hospitali. Walitaja fedha, usafiri, uchungu uliowashika ghafla, lugha ya baadhi ya wahudumu, na ruhusa ya kuondoka inayosubiri wakubwa wa nyumba. Hayo mengine ni ya serikali. Lakini usafiri, na ruhusa ya wakubwa wa nyumba, ni yetu sisi.

Ndugu Mwenyekiti, najua pendekezo lililoko mezani ni kujenga zahanati nyingine. Najua pia kwa nini linapendwa. Jengo linaonekana, lina jiwe la msingi, na mtoto wako ukimpeleka kijijini unamwonyesha kwa kidole. Sipingi zahanati, ndiko kunakotolewa chanjo na kliniki. Ila zahanati haifanyi upasuaji wala haiongezi damu, na jengo lisilo na mkunga wa usiku ni kuta tu. Hesabu ya kilomita 35 ilipimwa kwenda hospitali. Kwa hiyo naomba mwaka huu tuamue mambo manne.

La kwanza, mfuko wa safari. Serikali ina mpango wa m-mama. Ukipiga 115 bila malipo unatafutiwa gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kazi yetu ni kuhakikisha kila kijiji kina dereva aliyesajiliwa, na nahodha kwa wenzetu wa visiwani, na namba hiyo imebandikwa msikitini, kanisani, sokoni na bandarini. Pale mpango usipofika, mfuko wetu ulipe mafuta.

La pili, nyumba ya mama ngojea karibu na hospitali, ili mwenye mimba ya hatari kutoka mbali afike wiki mbili tatu kabla ya siku zake. Humo pawe na jiko, maji na nafasi ya ndugu wa kumsindikiza, maana hakuna mama wa kwetu atakayekubali kulala ugenini peke yake.

La tatu halina gharama: damu. Sisi tulio Dar es Salaam tuna nguvu na afya. Kila tunaporudi nyumbani kwa mwezi wa likizo au kwa arusi, tupite hospitali tuchangie chupa moja.

La nne, daftari. Kila tawi la chama liwe na daftari la kijiji chake: mama fulani amejifungua, wapi, mtoto hai au la, na kama pametokea kifo, safari ilichukua saa ngapi. Majina yabaki siri kwa mwenye daftari na mganga mfawidhi. Baada ya miaka mitatu tutasimama hapa, na daftari litatuambia kama fedha zetu zimefanya kazi. Zikiwa hazikufanya, tuseme wazi kama wale walivyosema, tubadili.

Wapo watakaosema mambo yamekwisha kuwa mazuri. Ni kweli yamesogea. Utafiti wa taifa wa mwaka 2004 na 2005 ulikadiria vifo 578 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Tumshukuru Mungu na tuwashukuru waliohangaika. Lakini hiyo ni wastani wa nchi nzima, na wastani unamchanganya mama wa Dar es Salaam aliye hatua chache kutoka hospitali na mama wa Songosongo anayesubiri maji yajae. Huyo wa pili ni dada yetu, na hana mwingine wa kumsemea isipokuwa sisi tuliozaliwa alikozaliwa.

Chombo hakiendi ikiwa kila mtu anapiga makasia yake. Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina. Mwenye kidogo aandike kidogo, na mwenye pikipiki au boti kijijini aandike hiyo, nayo ni mchango.