Herufi Nene na Jina la Katavi
Mhadhara wa umma uliotolewa mjini Mpanda

Nimekuja kunena juu ya umbo moja la herufi, ile herufi nene ya mtindo wa kale yenye visigino, yaani vile vipande vidogo vinavyofunga ncha za mistari yake, iliyokusudiwa mabango, majalada na vichwa vya habari, wala si kurasa za kusomwa kwa utulivu. Dai langu ni kwamba herufi hii, ambayo Kiswahili kimeivaa miaka mingi, aghalabu ilichorwa juu ya maneno ya lugha nyingine, na kwamba wakati umewadia tuikate upya kwa kimo chetu.

Asili yake ni Uingereza ya mwanzo wa karne ya 19, pale viwanda vilipozaa bidhaa tele na bidhaa zikataka wanunuzi, nao wenye matbaa wakatambua kwamba herufi za vitabu, zilizopimwa kwa jicho lililo karibu na karatasi, hazimfikii mpita njia aliye ng'ambo ya barabara. Wakainenepesha mistari ya wima kupita kiasi, na ile mingine wakaiacha myembamba kama unywele. Hata mwaka 1845 Robert Besley wa London akatoa Clarendon, ambayo visigino vyake ni vizito na vimeungana na wima kwa mkunjo laini. Mwaka 1922 Oswald Cooper wa Chicago akaleta Cooper Black, isiyo na pembe kali popote, nayo mpaka leo ingali ikipamba maduka duniani.

Wenyeji wa Mpanda hawahitaji kufunzwa risasi ni kitu gani, maadamu tawi la reli kutoka Kaliua lilifikishwa hapa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Basi madini hayo ndiyo yaliyokuwa mwili wa herufi za matbaa zama zile, yakichanganywa na antimoni ili yawe magumu na stani ili yamiminike vema katika kalibu. Na matbaa ya wamisionari ya Kipalapala, iliyowapatia Watanganyika vitabu vingi vya Kiswahili, ilikuwa kando ya Tabora, mji ulio kwenye reli kuu inayopita Kaliua. Ila herufi kubwa sana haikufaa kwa risasi, kwa uzito wake na gharama yake, ikachongwa kwa mti mgumu, kazi ambayo Darius Wells wa New York aliirahisisha kwa mashine tangu mwaka 1827. Nchi hii ya miombo, yenye risasi chini na mininga juu, ilijaliwa vyote viwili.

Dhiki ya mpangaji herufi wa Kiswahili ilianzia sandukuni. Seti iliyopimwa kwa Kiingereza huja na E kwa wingi, na Q na X ambazo sisi hatuna kazi nazo, ilhali kichwa kama MAENDELEO YA WANAWAKE peke yake chataka A tano. Lakini hesabu ni jambo jepesi, kwani A zaweza kuongezwa kwa fedha. Umbo ndilo zito.

Twaeni jina la mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012, mlipange kwa herufi kubwa nene: KATAVI. Kila herufi imesimama juu ya kipande chake chenye pembe nne, nacho hakikubali kuingiliwa na jirani. K imetupa mguu wake kulia na A imetupa wake kushoto, vikagongana visigino huku juu pakibaki uwazi. Bega la A limeteremka, na chini ya mkono wa T hamna kitu, pakazuka pengo. T na A ya pili zikalirudia pengo lile lile. Kisha A na V, ambazo mistari yake imeinama sambamba, zikaachana kwa ufa mpana wa mshazari. Kwa kuwa wino ni mwingi, weupe nao wapiga kelele, hata msomaji akaona KA, T, A, VI, vipande vinne visivyojuana. Mchapaji hodari alikuwa akichukua msumeno, akizikata mbao ubavuni ili herufi zisogeleane.

Mtazameni sasa fundi wa mabango aandikaye kwa brashi ukutani: yeye huichomeka A chini ya mkono wa T bila kuuliza ruhusa, kwa sababu jicho lake limelelewa na WA, YA, VYA na KWA. Mwenye kuchora fonti yetu, ambaye leo kompyuta imemwondolea kile kipande cha pembe nne, sharti aanze alipo fundi huyu. Aandike kwanza KATAVI na TABORA, asiguse kitu kingine mpaka zitulie. Visigino vya K na A avifupishe pale vinapokutana. Kisha aingie kwenye a ndogo, ambayo tumbo lake, likinenepeshwa ovyo, huziba kwa wino. Na katika neno kama wanapatana, lenye a tano, tumbo hilo likiziba neno zima huwa doa. Alifungue hata kama unene utapungua kidogo.