Shimo Likishakula Hesabu ya Siku

Makamanda wa Magu! Wengi wenu mnaishi kwa usukani: daladala, bajaji, Probox za Kisesa. Mnajua, tajiri hataki stori za shimo, anataka hesabu yake.

Kwa hiyo sikilizeni. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa bado za baridi. Upepo ukiwa mdogo, rimu inapinda. Usilifuate lori kwa karibu, hutaliona shimo. Ukiliona, kanyaga breki mapema, kisha achia ndipo uingie. Ukiingia umebana breki, uzito wote unaangukia mbele, na shokapu zinakwisha. Dimbwi la mvua usiliamini, hujui kina chake. Na usichepuke ghafla, pembeni kuna bodaboda na abiria wake.

Ila tusidanganyane, ujanja wa dereva hauzibi shimo. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za TARURA. Ukijaza mafuta umeshalipia barabara; ukinunua shokapu umelipa mara ya pili.

Barabara kuu ya Mwanza–Musoma ni ya TANROADS, za mitaani na vijijini ni za TARURA. Piga picha, andika mahali na tarehe, mpelekee diwani, dai jibu la maandishi.