Upepo Katika Breki ya Mbele



Nimeombwa niseme juu ya ufundi wa pikipiki kuukuu, na dakika nilizopewa ni chache. Nitasema jambo moja tu, kutoa upepo kwenye breki ya mbele. Wako wenzetu ambao breki zao hazishiki mpaka zikamuliwe mara tatu, nao husema wamezizoea. Mtoto akikatiza barabara, hiyo mara ya pili na ya tatu utaipata wapi?

Chukueni Honda CB750, iliyotoka Japani mwaka 1969 ikiwa na breki ya diski mbele. Ukikamua mkono wa breki, pistoni ndogo kwenye usukani husukuma mafuta, mafuta hushuka ndani ya mpira, na kule gurudumuni pedi hubana diski. Wanafunzi wa Fizikia wanalijua hili kwa jina la Pascal, yule Mfaransa aliyefariki mwaka 1662. Lakini mafuta hayakubali kushindiliwa, upepo hukubali. Ukibaki humo hata kidogo, nguvu ya vidole hupotelea katika kuushindilia.

Njia ya kawaida mafundi wote wanaijua. Vaa nipeli ya chini mpira mwembamba, ncha yake izame katika chupa yenye mafuta. Kamua, shikilia, legeza nipeli, kaza, ndipo uachie mkono. Asiyekaza kabla ya kuachia huvuta upepo mpya. Na kile kikombe cha juu kisikauke hata mara moja.

Basi mbona mtu hufanya hivyo kutwa nzima na breki ikabaki laini kama sponji? Ni kwa sababu upepo hupanda, nasi tunaulazimisha kushuka. Tukipumzika tu, unarudi kujificha pale mpira unapoungana na silinda ya usukani. Mimi huanzia huko. Nageuza usukani mpaka kikombe kiwe juu kuliko vyote, kisha nakamua kidogo kidogo, bila kufika mwisho, huku nikigonga mpira kwa mpini wa bisibisi. Vitone hutoka kikombeni kupitia kitundu chembamba sana. Kitundu hicho kikizibwa na uchafu, utakamua mpaka kesho.

Ikishindikana, tumia bomba la sindano, usukume mafuta kutoka nipeli ya chini kwenda juu. Kwanza punguza yaliyo kikombeni, maana yakifurika hubabua rangi ya tangi.

Mafuta yenyewe yawe mapya. DOT 4 mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Sentigredi, lakini hunyonya maji ya hewani, na yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 au zaidi kidogo. Yakichemka, mvuke wake ni kama upepo ule ule. DOT 5 ni ya silikoni, msiichanganye nayo.

Mwisho, kamua kwa nguvu zote na ushikilie kwa dakika moja. Mkono ukizama polepole, mafuta yanapita mahali: kagua nipeli, maungio na mipira ya silinda. Siku hiyo pikipiki irudi nyumbani kwa kusukumwa.