Mtoto Hurithi Pande Zote Mbili
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya kandokando ya Ziwa Victoria)



Watoto wetu wakifika chuoni kusomea uuguzi, kilimo au ualimu wa sayansi, hukutana na somo liitwalo jenetiki, yaani elimu ya urithi. Mzazi aliyeuza ng'ombe alipe karo hushtuka kusikia kijana wake anakaa darasani akihesabu maharagwe. Usishtuke. Hayo maharagwe yana maneno makubwa, na ningependa yafike hapa kijijini bila kungoja mtu apate diploma.

Somo lilianzia katika bustani ya watawa. Gregor Mendel, Mwagustino wa mji wa Brno, alianza majaribio yake ya minji mwaka wa 1856. Alichanganya minji ya mviringo na ile iliyokunjamana. Kizazi cha kwanza yote ilitoka ya mviringo. Alipoipanda hiyo, akahesabu ya mviringo 5,474 na iliyokunjamana 1,850, karibu tatu kwa moja. Kumbe ile mikunjo haikupotea, ilikuwa imejificha tu. Aliyachapisha hayo mwaka wa 1866, na watu hawakuyatilia maanani mpaka 1900, yeye akiwa ameshakufa miaka 16.

Sasa tuje nyumbani, kwa ugonjwa wa sikoseli. Hapa chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mtoto analia mifupa, damu inapungua. Na nani hulaumiwa? Mama. Mmoja ninayemjua alirudishwa kwao na mtoto mgongoni, eti ukoo wao una damu mbaya. Wazee, hapo tusikilizane.

Chukueni mikebe miwili, mmoja wa baba, mmoja wa mama. Kila mkebe tieni haragwe moja jeupe na moja jekundu. Jekundu ndilo jeni ya sikoseli. Bila kuangalia, toa moja huku na moja huku: huyo ni mtoto. Rudisha, tikisa, toa tena. Fanyeni mara 100 mkiandika. Kama 25 hivi watapata meupe mawili, hao hawana kitu. Kama 50 watapata jeupe na jekundu. Hao ni wazima kama wazazi wao, ila wamebeba. Kama 25 watapata mekundu mawili, na hao ndio wagonjwa. Haya, lile jekundu la pili limetoka wapi? Si kwa mkebe wa baba?

Kuna pahali hata wanafunzi wa chuo huanguka. Wakisikia mmoja kwa wanne, hudhani aliyekwisha kupata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata ni salama. Hapana! Mkebe haukumbuki. Kila mimba maharagwe yamerudishwa yote.

Mtauliza, mbona kwetu? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu hapa nchini mwaka wa 1949. Katika jamii za kando ya ziwa na za Pwani alikuta wanaobeba wamezidi 20 kwa kila 100. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Mwaka wa 1954 akaeleza sababu: mwenye jeni moja hukingika kiasi na malaria kali ya utotoni. Basi ni mbu, si chira. Lakini mtoto mwenye mekundu mawili hana kinga hiyo. Malaria kwake ni hatari sana, neti asikose hata usiku mmoja.

Kipimo ni damu kidogo tu. Wachumba wapime wote wawili, na majibu ni yao, kikundi kisiyatangaze sokoni. Mtoto akitambuliwa mapema hupewa penisilini mpaka miaka 5 na dawa ya kuzuia malaria, anywe maji mengi, na siku hizi kuna dawa ya haidroksiyurea inayopunguza yale maumivu. Asikose kliniki. Nauli ndiyo huwashinda wengi, kwa hiyo naomba mweka hazina atenge kitu kidogo katika mchango wa kila mwezi.

Mikebe na maharagwe nimemwachia katibu. Mkutano ujao akina mama wataandika, na mabwana ndio watakaotoa maharagwe.