Majani Makavu na Maji ya Samaki

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima. Tumeyaandika hapa ili na wengine wayasome taratibu nyumbani.)



Leo tunazungumza juu ya jani. Jani kavu, lililoanguka lenyewe chini ya mti. Wengi wetu tunalifagia asubuhi na kulichoma moto. Lakini wako watu wanaoliokota, wanalisuuza, na kulitia katika maji ya samaki wao. Basi tumeulizwa: Je, jani hilo linasaidia samaki, au linawaua?

Jibu letu ni kwamba linaweza kusaidia, na linaweza kuua. Inategemea mambo matatu: ni jani gani, ni maji gani, na ni samaki gani. Mtu asiyejua mambo hayo matatu, heri asitie jani lolote.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Tangi la kioo la kufugia samaki nyumbani lina maji machache. Mtoni, jani likioza, maji yanapita na kwenda zake. Tangini maji ni yale yale. Samaki anakula humo, anakunya humo, anapumua humo. Kosa dogo la mwenye tangi ni msiba mkubwa kwa samaki. Wengine kati yetu hawana tangi la kioo, ila wana pipa au karo la kuwekea vifaranga vya perege. Nao wasikilize, maana yanawahusu.

MTI WENYEWE

Jani linalosifiwa kuliko yote ni jani la mkungu. Watu wa Pwani wanaujua mti huu vizuri. Matawi yake yanatandaa kama dari, moja juu ya jingine, na watu hupenda kukaa chini yake kupata kivuli. Watoto hugonga kokwa zake kwa jiwe wapate kula kungu. Majani yake ni mapana. Yakikaribia kuanguka huwa mekundu, kisha yakikauka huwa ya rangi ya kahawia.

Mkungu unaota pia India, Thailand, Malaysia na Indonesia. Kule Thailand kuna samaki mdogo mwenye mapezi marefu ya rangi nzuri. Anaitwa samaki mpiganaji, kwa sababu madume mawili yakiwekwa pamoja hupigana. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa lao. Wafugaji wa samaki huyo hutia jani kavu la mkungu katika chombo chake. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, na mara nyingi hukijenga chini ya jani linaloelea.

Lakini tuangalie jambo moja. Samaki mpiganaji anaweza kuvuta hewa juu ya maji. Ndiyo maana anaweza kuishi katika maji machache yaliyotulia. Samaki wengi hawana uwezo huo. Wao hutegemea hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji. Basi tusimwige mfugaji wa Thailand kabla hatujajua samaki wetu ni nani.

JANI LINAFANYA NINI MAJINI?

Hebu tufikirie chai ya rangi. Tukitia majani ya chai katika maji ya moto, maji yanageuka rangi, na ladha yake inakuwa kali kidogo mdomoni. Kitu kinacholeta ukali huo kinaitwa tanini. Jani kavu la mkungu lina tanini nyingi. Likikaa majini hutoa rangi ya kahawia, kama chai hafifu. Hapo mambo manne hutokea.

La kwanza, mwanga unapungua ndani ya maji. Samaki waliozoea kivuli hutulia, hawaogopi ovyo.

La pili, maji yanaweza kuwa na uchachu kidogo. Tunasema "yanaweza", kwa sababu si maji yote. Tutaeleza mbele.

La tatu, baadhi ya vijidudu na ukungu hupungua nguvu. Mwaka 2005 watafiti wa Thailand walitoa taarifa ya majaribio yao juu ya magonjwa ya perege. Waliona kwamba maji ya majani ya mkungu, yakitengenezwa kwa kipimo maalumu, yaliweza kupunguza ukungu katika mayai ya perege.

La nne, jani linapolainika, juu yake huota utando wa viumbe vidogo sana. Vifaranga vya samaki hudonoa utando huo, na hujificha chini ya jani wasiliwe na wakubwa.

Sasa tusikie vizuri. Wale watafiti walipima dawa yao kwa mizani. Jani tulilolitupa tangini kwa kukisia siyo dawa ya kuponya samaki mgonjwa. Samaki akiugua, kwanza tubadilishe sehemu ya maji, halafu tumwulize afisa uvuvi. Kumwachia jani kazi ya daktari ni kumpoteza samaki.

KILA SAMAKI NA MAJI YAKE

Wataalamu hupima uchachu wa maji kwa namba, kuanzia 0 mpaka 14. Namba 7 iko katikati. Chini ya 7 ni uchachu, kama ndimu, ambayo ina namba kama 2. Juu ya 7 ni upande wa magadi na majivu.

Katika nchi ya Kongo kuna mto unaoitwa Ruki. Unapita katika misitu mikubwa na kuingia Mto Kongo karibu na mji wa Mbandaka. Maji yake ni meusi, kwa sababu yanapita katika majani na miti inayooza msituni. Kule Brazili upo Mto Negro, nao maji yake ni meusi namna hiyo hiyo, na yana uchachu. Namba yake huwa kati ya 4 na 5. Samaki wa mito ya namna hii wamezaliwa katika maji ya majani. Ukiwaletea jani kavu, umewaletea kitu cha kwao.

Sasa tutazame Ziwa Tanganyika. Maji yake ni meupe, na namba yake iko karibu na 9. Ziwa Nyasa nalo liko karibu na 8. Samaki wadogo wa rangi wa maziwa haya mawili wamependwa sana. Kwa miaka mingi wamesafirishwa mpaka Ulaya na Marekani wakafugwe katika matangi ya kioo. Samaki hao wamezoea maji ya upande wa magadi. Mtu akiyatia maji yao uchachu kwa majani mengi, anawatesa. Wataacha kula, watadhoofika, na ugonjwa utawapata upesi.

Wazee walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Jani lililomfaa samaki wa jirani laweza kumdhuru samaki wako. Kwa hiyo kabla ya kuokota jani, tuulize: Huyu samaki wangu ametoka maji gani? Anayetuuzia samaki lazima atujibu swali hilo.

TUPIME MAJI KWA SABUNI

Maji hayafanani. Kuna maji laini na maji magumu. Maji ya mvua ni laini. Maji ya visima vingi ni magumu, yaani yana chokaa na madini mengine ndani yake. Tunaweza kuyatambua bila mashine. Tuchukue chupa mbili safi. Moja tutie maji ya mvua, nyingine maji ya kisima, kiasi sawa. Kila chupa tuitie kipande kidogo cha sabuni ya kipande, kisha tutikise. Maji laini yatatoa povu jingi. Maji magumu yatatoa povu kidogo, na pengine utando mweupe. Dalili nyingine ni birika. Birika linalochemshia maji magumu hufanya ganda jeupe ndani.

Kwa nini tunapima? Kwa sababu chokaa hukata uchachu. Katika maji magumu jani litaleta rangi, lakini namba ya uchachu haitashuka sana. Mtu akiona haishuki akaongeza majani, na tena, na tena, mwisho maji yanaoza. Katika maji ya mvua mambo ni kinyume. Hakuna chokaa ya kuzuia, kwa hiyo hata majani machache yanaweza kushusha namba haraka. Huko ndiko kwa kwenda polepole zaidi. Tukishamaliza kupima, maji yenye sabuni tuyamwage mbali. Sabuni inaua samaki.

JINSI YA KUTUMIA JANI

1. Tuokote jani lililoanguka lenyewe, kavu kabisa, la rangi ya kahawia. Tusichume jani bichi. Jani bichi lina utomvu na sukari. Huoza upesi na kumaliza hewa ya majini.

2. Tusiokote kando ya barabara kuu, wala karibu na shamba lililopigwa dawa ya wadudu. Tusiokote jani lenye kinyesi cha ndege au lenye ukungu.

3. Tulioshe kwa maji matupu, bila sabuni. Kisha tulimwagie maji ya moto, tuliache lipoe. Litapungua uchafu, na litazama upesi.

4. Tuanze na jani moja kubwa kwa maji ya debe mbili, yaani lita 40 hivi. Tusubiri wiki nzima huku tukiwatazama samaki. Haraka haraka haina baraka.

5. Baada ya wiki mbili mpaka nne jani hubaki mishipa mitupu. Hapo tulitoe, tutie jingine kama bado tunahitaji.

6. Kila wiki tubadilishe robo ya maji. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini tuyaache wazi katika ndoo usiku kucha kabla ya kuyatumia.

Asiye na mkungu afanyeje? Wafugaji wengine hutumia majani makavu ya mpera au ya mgomba. Masharti ni yale yale: yawe makavu, safi na machache.

MAJANI YA KUOGOPA

Hapa, ndugu zetu, ndipo penye hatari kubwa. Mtu akisikia kwamba majani yanasaidia samaki, anaweza kudhani kila jani linafaa. Sivyo.

Katika vijiji vingi watu wanaujua utupa. Majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni, samaki huelea. Sumu yake humzuia samaki kutumia hewa anayoivuta, akafa huku maji yana hewa tele. Sumu hiyo haichagui. Inaua samaki mkubwa, kifaranga, na wadudu wa majini pia. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Basi mmea unaoua mto mzima utaliachaje tangi? Mnyaa nao una utomvu mweupe wenye sumu. Majani ya mwarobaini na ya mkaratusi tusiyatie pia. Jani tusilolijua jina lake, tuliache palepale chini ya mti.

DALILI ZA HATARI

Tuwatazame samaki alfajiri, kabla jua halijatoka. Wakati huo ndipo hewa ya majini huwa kidogo kabisa. Tukiona samaki wamepanda juu, wanatweta kwa midomo wazi, ujue hewa imepungua. Tukisikia harufu ya uozo, au tukiona maji yamekuwa na ukungu mweupe kama ya kuoshea mchele, ni dalili ile ile.

Hapo tusingoje. Tutoe majani yote. Tutoe nusu ya maji, tutie mengine safi yaliyokaa, polepole, kwa kuyamimina kutoka juu kidogo ili yachukue hewa. Tusiwape chakula siku hiyo.

BWAWA NI JAMBO LINGINE

Mwenye bwawa la perege asichanganye kazi hizi mbili. Katika bwawa tunataka maji ya kijani. Kijani hicho ni mimea midogo sana, na ndicho chakula cha perege. Maji ya kahawia huzuia mwanga wa jua, na bila mwanga mimea hiyo haioti. Kwa hiyo katika bwawa hatutafuti rangi ya chai. Majani na samadi hutiwa katika kizimba cha mboji pembeni mwa bwawa, ili yaoze kidogo kidogo na kurutubisha maji. Jani la mkungu katika tangi, na mboji katika bwawa: kila moja lina mahali pake.

Ndugu zetu, samaki hana sauti ya kutuita. Akiungua na uchachu halii, na akikosa hewa hapigi kelele. Anatutegemea sisi tujue kabla hajafa. Zamani tulikuwa tukiambiwa tu kwamba jani hili ni zuri, nasi tukaitikia. Sasa tunajua kusoma. Tuandike katika daftari: tarehe tuliyotia jani, idadi ya majani, rangi ya maji, na hali ya samaki kila asubuhi. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litatufundisha juu ya maji ya kwetu kuliko maneno ya mtu wa mbali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini jani bichi ni hatari zaidi kuliko jani kavu?
2. Maji ya kisima chetu ni laini au magumu? Tujaribu kwa sabuni.
3. Kwa nini samaki wa Ziwa Tanganyika hawafai kuwekewa majani mengi?
4. Taja mimea yenye sumu ya samaki iliyopo kijijini kwetu.